Karate ya Umbali wa Kupeana Mkono

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa Goju-ryu, asubuhi ya mtihani wa mikanda, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawafikia kwa salamu hizo mbili, hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa kama alivyoisoma mshereheshaji, maana nikianza kutaja waheshimiwa mmoja mmoja, watoto hawa wataota sugu magotini. Wanafunzi, kunjueni miguu, kaeni kawaida. Hayo magoti nitayahitaji baadaye.

Leo ni siku ya mikanda. Mezani pale naona ya njano, ya kijani, ya kahawia, na mmoja mweusi uliokunjwa vizuri kuliko yote. Mwenye kuutamani nimeshamwona akiuchungulia mara tatu. Basi niwaharibie sherehe kidogo. Mwasisi wa mtindo wetu wa karate, Goju-ryu, ni Chojun Miyagi; alifundisha katika kisiwa cha Okinawa, Japani, mpaka alipofariki mwaka 1953, na hakuna mwanafunzi aliyepata daraja la mkanda mweusi kutoka mkononi mwake. Wanafunzi wazuri alikuwa nao, tena ambao shule zao leo ziko kila bara. Lakini utaratibu wa mikanda na madaraja ulitoka kwenye judo, kwa Jigoro Kano wa Tokyo, ukaingia kwenye karate katika miaka ya 1920, na mzee Miyagi hakuufuata. Kwa hiyo mtoto atakayerudi nyumbani leo na mkanda uleule aliokuja nao, mzazi usimnunie. Na wewe uliyeuchungulia mara tatu, nimekuona.

Mada niliyopewa ni misingi na mbinu za Goju-ryu. Nimeikalia wiki nzima. Nikianza kuzitaja mbinu moja baada ya moja, tutafika Ijumaa na chai itakuwa imepoa. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu, na mengine yatalifuata yenyewe.

Binti, wewe wa mkanda wa machungwa, njoo hapa mbele. Usiogope. Nipe mkono tusalimiane.

Haya, tazameni. Viganja vimeshikana. Kiwiko changu kimekunjika na chake pia. Mguu wangu wa mbele na wake vimebakiza kama unyayo mmoja na nusu kati yao. Nikiangalia naona kovu dogo juu ya nyusi yake, nadhani ni la mwembe. Eti? La mpera, anasema. Basi umbali huu tuliosimama, ambao Waswahili hupeana mkono na kuulizana habari za watu wa nyumbani mpaka paka, ndio umbali wa Goju-ryu. Teke la kichwani halina nafasi hapa. Ngumi ya kutupwa kutoka mbali haina njia. Kilichobaki ni kiwiko, goti, kiganja, paji la uso, kushika, kuvuta, kusukuma na kukanyaga. Ahsante binti, rudi ukakae.

Wengi wenu mkisikia karate mnaona mtu anaruka hewani, anapiga teke, anatua. Au mnaona mashindano, vijana wawili wanadundadunda kwa mita mbili tatu, mmoja anachomoka kama mshale, anagusa, anarudi. Hiyo ni karate pia na siibezi. Kwenye ile Olimpiki ya Tokyo iliyosogezwa hadi 2021, karate ilipoingia kwa mara ya kwanza, Mwafrika mwenzetu Feryal Abdelaziz wa Misri alitwaa dhahabu, nami nilipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna msiba. Lakini ugomvi wa stendi hauanzi kwa mita tatu. Unaanzia kwenye shati. Mtu amekukamata ukosi, au amekushika kifundo cha mkono akivuta simu, au amekuja kwa nyuma akakukaba. Ukija kutambua kwamba huu ni ugomvi, ameshafika umbali wa salamu. Mitindo mingine inakufundisha usimruhusu afike hapo, na ni ushauri mzuri. Goju inauliza swali jingine: ameshafika, sasa?

Jibu hilo lilikuja kwa jahazi. Nasema na watu wa Tanga, mnaijua bandari. Chombo kikileta mchele huwa kimeleta na maneno, na nyimbo, na namna mpya za watu kupigana. Naha, mji mkuu wa Okinawa, ulikuwa bandari ya ufalme wa Ryukyu, ufalme mdogo wa visiwa uliofanya biashara na China kwa karne nyingi, kabla Japani haijaugeuza mkoa wake mwaka 1879. Mwaka 1853 alizaliwa pale mtoto wa familia maskini ya wauza kuni, Kanryo Higaonna. Alipokuwa kijana alivuka bahari mpaka Fuzhou, katika jimbo la Fujian kusini mwa China, akakaa kwa miaka kadhaa akijifunza kwa mwalimu ambaye Waokinawa humkumbuka kwa jina la Ryu Ryu Ko. Akarudi Naha. Chojun Miyagi alipelekwa kwake mwaka 1902 akiwa na miaka kumi na minne, mtoto wa ukoo wenye mali, akabaki naye hadi mzee alipofariki mwaka 1915. Baada ya hapo Miyagi naye alikwenda Fuzhou kutafuta ilikotoka elimu ya mwalimu wake.

Na mjue kwamba siku zile kitu hiki hakikuwa na jina kubwa. Waokinawa walikiita te. Te maana yake ni mkono, basi. Cha Naha kiliitwa Naha-te, mkono wa Naha. Ninapowaambia kwamba hii ni karate ya kupeana mkono sichezi na maneno.

Jina la Goju lilikuja kwa aibu ndogo. Karibu na mwaka 1930, mwanafunzi mkubwa wa Miyagi, Jin'an Shinzato, alikwenda Tokyo kwenye maonyesho ya sanaa za kujihami. Akafanya kata yake, yaani mfuatano wa mijongeo nitakaouelezea baadaye, watu wakaipenda, halafu akaulizwa: huu ni mtindo gani? Hakuwa na jibu la maana, kwa sababu nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza. Aliporudi akamweleza mwalimu. Miyagi akachukua maneno mawili kutoka kwenye maandishi ya kale ya Kichina yaliyokuwa yakinakiliwa kwa mkono na walimu wa Okinawa, yaitwayo Bubishi. Go ni ugumu, ju ni ulaini. Mwaka 1933 mtindo ukaandikishwa kwa jina hilo kwenye chama kikuu cha sanaa za kujihami cha Japani.

Hapa nitasimama kidogo, maana wanafunzi wangu wengi, na mimi mwenyewe kwa miaka mingi, tumekuwa tukilieleza jina hili vibaya. Tunasema: ngumi ni ngumu, kuzuia ni laini, kwa hiyo Goju. Rahisi, unaweza kuichapa kwenye fulana. Lakini mstari wenyewe wa Bubishi hausemi juu ya ngumi. Unasema juu ya pumzi. Unasema kwamba ugumu na ulaini vimo katika kutoa na kuvuta pumzi. Mtu mmoja, mwili mmoja, ndani ya sekunde mbili anakuwa laini na anakuwa mgumu na anarudi kuwa laini, kama moyo unavyokunjuka na kujikunja. Ukiwa mgumu muda wote, kwenye umbali wa salamu, mwenzako anakushika kama anavyoshika kiti: popote atakapokusukuma utakwenda mzima mzima. Ukiwa laini muda wote anakukunja kama khanga.

Ndipo inapokuja Sanchin.

Wazazi, neno kata la Kijapani si kata ya kuchotea maji, wala si kata ya diwani. Ni mfuatano wa mijongeo uliopangwa, unaoufanya peke yako, na ndani yake wazee wamehifadhi mbinu. Sanchin ndiyo kata mama. Mtu asiyeijua akiitazama ataona kichekesho: mtu kavua shati, anatembea hatua chache mbele na chache nyuma, polepole kama aliyebeba sinia la vikombe, anapiga ngumi zisizompiga mtu, anahema kama mvuvi anayevuta jarife. Hakuna kuruka. Teke hata moja hakuna. Na walimu wa zamani, Higaonna hasa, walimweka mwanafunzi kwenye kata hiyo moja kwa miaka kabla ya kumwonyesha nyingine.

Nawaonyesha mguu. Mguu wa kulia unatoka kwa kuchora nusu duara, unapita karibu na wa kushoto, unatua. Kisigino cha mbele kiko mstari mmoja na vidole vya nyuma. Upana ni wa mabega. Vidole vya mguu wa mbele vinaingia ndani kidogo, magoti yamelegea kidogo, na mapaja yanavutana kama unayabana kwa ndani. Nyonga imepandishwa mbele, kiuno hakijabinuka kwa nyuma. Mabega yako chini. Hapa ndipo wote wanapofeli, mabega yanapanda masikioni. Viwiko vimekaa mbele ya mbavu, ngumi moja ikae kati ya kiwiko na ubavu, na ngumi zenyewe ziko usawa wa mabega. Sasa jaribuni kunisukuma. Wewe baba mwenye shati la kitenge, njoo. Sukuma kifua. Usinionee huruma, sukuma. Mnaona? Nguvu yake inapita kwapani, inashuka kwenye nyonga, inaishia kwenye unyayo, na sakafu ya ukumbi huu haijalalamika. Ahsante sana, baba. Uzito wangu ni kilo sitini na tatu, nadhani wake tusiutaje.

Simamo hili ni fupi na limefunga. Fupi, kwa sababu kwenye umbali wa salamu ukifungua miguu kwa urefu wa mita nzima huna pa kwenda. Limefunga, kwa sababu goti la yule mbele yako liko karibu sana na kinena chako. Kila kitu ndani ya Goju ukikiuliza kwa nini kiko hivyo, kitakujibu kwa umbali.

Halafu pumzi. Inaingia kwa pua, inashuka mpaka chini ya kitovu, pale Wajapani wanapopaita tanden. Haiishii kifuani. Inatoka kwa mdomo pamoja na ngumi, na mwisho wake kuna kipande kidogo cha pumzi kinachokatwa, ndipo mwili wote unakaza kwa nukta moja, kuanzia vidole vya mguu hadi ukosi. Kisha unaachia. Huko kuachia ndiko kugumu kujifunza.

Mimi nilijifunza kwa kuanguka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mkanda wa kijani, na siku hiyo kulikuwa na wageni. Nikataka waone mishipa. Nikakaza toka hatua ya kwanza, shingo imevimba, uso umeiva kama nyanya, ninatoa mlio wa kutisha, na pumzi nimeibana kooni badala ya kuipeleka chini. Ngumi ya nne nikaona kuta zinarudi nyuma. Ya tano sikuiona. Nilizinduka mtu ananipepea kwa gazeti, na mwalimu wangu amekaa kwenye benchi anamalizia karanga zake. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Ulaini uliuacha wapi?" Basi. Akaendelea na karanga.

Kwa hiyo nasema hili bila utani: mwenye presha asifanye Sanchin ya kubana. Kukaza mwili wote huku pumzi imefungwa kunapandisha presha ya damu papo hapo, daktari yeyote atakwambia. Wazee walioko kwenye darasa la asubuhi, nyinyi fanyeni kwa pumzi ndefu, tulivu, isiyo na kelele. Kata ni ileile.

Kuna mzazi aliyenifuata mwezi uliopita, amekasirika, amemkuta mwalimu anampiga makofi mtoto wake mgongoni na mapajani katikati ya kata. Alikuwa na haki ya kuuliza, na ningetaka wote muulize. Kitu kile kinaitwa shime. Mwalimu anapita nyuma ya mwanafunzi anayefanya Sanchin, anagonga mabega kuona kama yameshuka, anagusa ubavu wa chini ya kwapa, anabonyeza paja, anausukuma mguu wa mbele. Anasoma mwili kwa kiganja, kama mnunuzi anavyogonga tikiti maji. Makosa yetu walimu ni kwamba wengine wamelifanya shindano la kupiga, mtu anatandikwa mpaka mgongo unakuwa mwekundu, na picha zinapigwa. Huo ni ulimbukeni. Kwa watoto hapa kwetu ni kugusa tu, na tangu siku ile ya mzazi yule tumeliandika ukutani.

Kata pacha ya Sanchin ni Tensho. Hiyo Miyagi aliitunga mwenyewe katika miaka ya 1920, kwa kuchota kwenye mikao sita ya mikono iliyoko ndani ya Bubishi. Miguu na pumzi ni ya Sanchin, lakini mikono imefunguka, viganja vinazunguka, vinapanda, vinashuka, vifundo vinapinda kama vya mcheza ngoma. Sanchin inakufundisha kushikilia, Tensho inakufundisha kuachia bila kupotea.

Niingie kwenye mikono. Kuna neno la Kijapani kwa kile tunachokiita kuzuia, na wanafunzi wanajua kwa nini silitamki peke yake mbele ya wazazi. Kwa Kiswahili lina maana nyingine kabisa, na kila mwaka darasa jipya linacheka siku mbili. Ninachotaka mjue ni maana yake kule kwao: kupokea. Hakuna kuzuia ndani yake. Anayezuia anaweka ukuta. Anayepokea ananyoosha mkono kama anayepokea mzigo kutoka kwa mgeni, na mzigo ukishakuwa mikononi mwake anajua mwenyewe autue wapi. Mkono wetu wa kupokea unakutana na mkono unaokuja, haugongani nao. Unagusa, unageuka, unashika.

Waokinawa wana neno muchimi. Linatoka kwenye mochi, ule mkate wa mchele uliotwangwa mpaka unanata. Hapa kwetu ningesema ulimbo. Wale mliokulia shamba mnajua ndege akishatua kwenye ulimbo, kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozidi kunasa. Mkono wa Goju ni hivyo. Umenigusa, basi nimekugusa, na sikuachi mpaka nijue uzito wako uko mguu gani. Zoezi lake ni kakie. Watu wawili wanasimama umbali wa salamu, vifundo vya mikono vimegusana, mmoja anasukuma polepole, mwingine anapokea na kurudisha, kama watu wanaokereza msumeno wa mikono miwili. Mnaweza kufanya hivyo dakika kumi mkiongea habari za mpira. Kisha mmoja anakosea, anakaza bega. Mwenzake anahisi kabla hajaona, na mkono umeshavutwa.

Hapo hapo ndipo pana siri ya mkono unaorudi kiunoni. Mzazi akitazama darasa la chini anaona watoto wanapiga ngumi moja mbele huku nyingine inarudi ubavuni kwa kishindo. Ukiwauliza, watakwambia inaongeza nguvu. Labda kidogo. Lakini kwenye umbali wa salamu mkono ule hauendi kiunoni mtupu. Umeshika kitu: shati, kifundo, nywele Mungu anisamehe. Unamvuta mtu aje akutane na ngumi njiani. Ukifanya ngumi huku mkono wa nyuma umeshika hewa kwa miaka kumi, umejifunza nusu ya kitu.

Nitawaonyesha kwenye kata moja tu, Saifa, kwa sababu mkanda wa kijani wanaifanya leo. Mwanzo wake unaudhi kuutazama. Mtu anatoka hatua kubwa kwa pembeni, mkono wa kushoto umeifunika ngumi yake mwenyewe ya kulia, anazivuta zote mbili ubavuni, kiwiko kinatokeza, kisha ngumi inafunguka na kupiga kwa mgongo wake. Nani anapigana huku amejishika mwenyewe? Njoo tena, binti wa mpera. Nishike kifundo cha mkono wa kulia, ukaze kweli. Mnaona, sasa mkono wangu wa kushoto unakuja kuisaidia ngumi yangu, nahama pembeni badala ya kuvuta moja kwa moja, uzito wote wa mwili unavuta dhidi ya kidole gumba chake peke yake. Kidole gumba ndicho mlango wa mkono ulioshika. Ametoka. Na kiwiko changu kiko wapi? Kiko mbele ya mbavu zake. Na ngumi iko njiani kuelekea kwenye pua, ila leo haifiki. Kata imeanza kwa kupeana mkono, binti, na wewe ndiye uliyeanza. Kaa, makofi kwake tafadhali.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Seiyunchin haina teke hata moja, inakaa chini kwenye simamo pana la magoti yaliyofunguka, inavuta na kuangusha, na kesho yake mapaja yatakwambia. Kururunfa ina pale mtu anapoinua mikono yote miwili juu, viganja nyuma ya kichwa, kisha anashuka ghafla: ndiyo dawa ya mtu aliyepitisha mikono chini ya kwapa zako kwa nyuma akakufunga shingo. Mateke yetu yanakaa chini, kwenye kinena na kwenye goti, kwa kuwa mguu ukipanda juu kwenye umbali huu mtu anaudaka. Suparinpei, ya mwisho na ndefu kuliko zote, jina lake ni mia moja na nane kwa matamshi ya Kichina. Msinitume niifanye leo. Na Gekisai, mnayoianza nayo, si ya kale hata kidogo. Miyagi aliitunga mwaka 1940 ili watu wa kawaida na watoto wa shule wapate pa kuingilia, kwa kuwa aliona zile nyingine zinawatisha.

Miaka mitano baada ya hapo vita vilifika Okinawa kwenyewe, Aprili mpaka Juni 1945. Naha ilikwisha. Miyagi alipoteza watoto katika vita vile, na Jin'an Shinzato, yule aliyeulizwa jina la mtindo, naye akafa. Ndiye watu walidhani angeshika nafasi ya mwalimu. Baada ya vita mzee alifundisha kwenye ua wa nyumba yake, nje, chini ya anga. Baadhi ya walimu walioipeleka Goju duniani walitoka kwenye ule ua. Ninyi mnaolalamika kwamba ukumbi wetu hauna feni, muukumbuke ua ule.

Vifaa navyo. Wageni wanadhani karate inahitaji vifaa vya bei. Vifaa vya Goju ni vya fundi na mfinyanzi. Kuna chi-ishi, jiwe lenye mpini: sisi tunamimina zege kwenye kopo la rangi, tunasimika mpini wa jembe, tunaacha likauke siku tatu. Unalizungusha kwa kifundo cha mkono polepole, na hiyo ndiyo nguvu ya kuvuta shati. Kuna mitungi ya kushika, ambayo mama zetu wangeitambua mara moja, ila haibebwi kichwani. Unaikamata kwa mdomo wake, vidole vitano kwa juu, unatembea mwendo wa Sanchin, na kila wiki unaongeza mchanga. Ya kwanza tuliivunja yote minne ndani ya mwezi, ya udongo ilikuwa. Na kuna makiwara, ubao uliochimbiwa ardhini unaoyumba ukipigwa. Okinawa hufungwa kamba ya majani ya mpunga. Sisi tumefunga katani. Tanga tutakosa vyote, katani hatukosi. Watoto hawaruhusiwi kuugusa, mifupa ya mkono bado inakua. Nanyi vijana, ngumi kumi zenye pumzi sahihi zinatosha kwa siku. Niliyekuwa napiga mia tatu ni mimi, na leo nikitaka kufungua chupa ya asali namwita mke wangu.

Nilipokuwa naingia, mama mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama mambo haya hayatamgeuza mwanawe mgomvi. Nilimwambia nitamjibu mbele ya wote. Mama, siwezi kukuapia. Wapo wagomvi wenye mikanda myeusi na wapo wasio na mkanda wowote. Ninachokiona kwa macho yangu, kwa watoto wanaokaa zaidi ya mwaka, ni hiki. Mtoto wako anashikwa shati hapa mara tatu kwa wiki. Anasukumwa, anavutwa, anakabwa, na anayemkaba ni rafiki yake ambaye baadaye wanagawana miwa. Siku atakaposhikwa shati shuleni, mwili wake unalijua jambo hilo. Hashtuki. Ugomvi mwingi wa watoto niliowahi kuamua ulianza na mmoja kushikwa, akashtuka, akarusha mkono bila kuangalia. Asiyeshtuka huwa na nafasi ya kuuliza, "Wewe, vipi?" Wakati mwingine mwenzake anajibu kwa maneno. Mwanao nimemwona wiki iliyopita kwenye kakie, mama. Bega bado linapanda. Tunalifanyia kazi.

Nusu saa yangu imekwisha, na mwalimu msimamizi ananitazama kwa jicho la saa. Mkanda wa njano, mstari wa mbele. Simameni. Jipange kwa urefu wa mikono miwili. Mguu wa kulia, nusu duara, tua. Angalia kisigino. Mabega, mabega, wewe wa tatu, mabega. Pumzi kwa pua.

Haya, mwalimu. Ni wako.